Zilpah Katika Mnara wa Morlenau

Jumanne, tarehe 29 Aprili 2025. Huku Kabras, magharibi mwa Kenya, mvua ilianza adhuhuri ikapiga mabati mpaka jioni, na matrekta ya miwa yakakwama kwenye barabara ya Butali. Kule Morlenau, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, hapakuwa na wingu hata moja. Palikuwa na jua jeupe lisilochoma, na upepo baridi ulionukia maua ya matofaa. Ndiyo siku Zilpah, mke wa Cornelius Khisa, alipofika mbele ya mlango wa binti yake akakataa kuingia.

Waliomjua Zilpah hawakushangaa waliposikia. Huyu ni mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa miwa, muumini wa kanisa la Friends, yaani Quaker, mtu wa sauti ya chini na mwendo wa haraka. Jirani zake husema hata kuni huzipanga kama mtu atakayekaguliwa. Mwaka fulani alikuwa njiani kwenda kwenye posa ya mpwa wake, akagundua kwamba amesahau kitambaa cha kichwa. Akarudi nyumbani kwa miguu kukichukua, na shughuli nzima ikamngoja, kwa kuwa hawezi kusimama mbele ya wakwe kichwa wazi.

Mambo ya ukwe ndiyo aliyoyashika kuliko yote. Bibi yake alimfundisha hivi: mama mkwe na mkwewe hawapeani mikono wala hawaangaliani usoni, na mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe mpaka mkwe mwenyewe amfungulie mlango kwa mnyama hai. Hata akishaingia, halali humo. Na mnyama huyo mama mkwe hamwombi. Akimwomba, amejivua nguo mwenyewe.

Binti yake Christine alikwenda Ujerumani kutunza wazee, akaolewa huko na Anselm, fundi seremala anayekarabati nyumba za kale. Mahari ililetwa kwao Malava, huko huko Kabras, ng'ombe wakapokelewa, watu wakala wakashiba. Anselm mwenyewe alikuja kwa siku chache, akazungukwa na wanaume wa ukoo waliomfundisha kucheza ngoma ya isukuti na kula obusuma, yaani ugali, kwa mkono. Habari ya mlango na mnyama hakuambiwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia.

Sasa Christine alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Zilpah alikuwa amekuja kumtunza mzazi na kumpakata mjukuu wake wa kwanza, kazi ambayo hakuna mwanamke wa kwao angekubali kumwachia mtu mwingine.

Mambo yalianza kwenda mrama pale uwanja wa ndege. Anselm, mrefu kama mlingoti wa bendera, alimwona mama mkwe wake, akaja mbio, mikono ameipanua. Zilpah aliruka nyuma ya toroli la mizigo.

“Mulembe, mulembe,” alimsalimu kwa Kiluhya, macho chini, akilizungusha toroli kila mara kijana alipojaribu kulizunguka.

Walizunguka hivyo mara kadhaa. Watu wakasimama kutazama. Mwishowe mwanamke mzee aliyekuja na Anselm alimshika kijana shati kwa nyuma.

“Pole na safari, Mama Christine,” mwanamke huyo alisema. “Mimi ni Gerda, shangazi yake Anselm. Nilifanya kazi ya uuguzi Bukoba miaka mingi. Twende, gari liko huku.”

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Malava nzima. Zilpah alishukuru Mungu kimoyomoyo. Akakaa kiti cha nyuma, moja kwa moja nyuma ya Anselm, ambapo hata kioo cha dereva kisingewakutanisha macho.

Kisha mji ukatokea, na kwa muda Zilpah akasahau kila kitu.

Walikuwa wametoka ndani ya msitu. Zilpah alikuwa ameuona msitu wa Kakamega tangu utoto, akijua giza lake na sauti za nyani wake, lakini msitu huu ulikuwa wa miti ya aina moja, myeupe shinani, majani yake mapya yakiwa mepesi kiasi kwamba mwanga uliyapenya na kuwa wa kijani. Kisha msitu ukakatika, na chini bondeni ukakaa mji wote, mdogo kama kitu kilichowekwa juu ya kiganja. Ukuta wa mawe uliuzunguka. Mto uliukumbatia upande mmoja. Paa zake zote zilikuwa za rangi moja, nyekundu iliyochakaa, zimebanana, na katikati yake kanisa limesimama kama kuku katikati ya vifaranga vyake. Juu kilimani palikuwa na magofu ya ngome, na kwenye mteremko wake kondoo walikuwa wakila.

“Simamisha,” Zilpah alisema.

Gerda akamwambia Anselm, gari likasimama. Zilpah alishuka akasimama ukingoni mwa barabara, mkono kifuani. Aliporudi garini alivuta pumzi ndefu.

“Watu wanaishi humo kweli? Ama ni ya kuangalia tu?”

“Wanaishi,” Gerda alisema. “Na wanalipa bili ya stima.”

Waliingia kwa lango la mnara, gari likipita kwa shida kati ya mawe yaliyochubuliwa na magurudumu ya karne nyingi. Uwanjani palikuwa na chemchemi ya mawe, maji yakitoka kwenye mdomo wa simba wa shaba. Zilpah aliyatazama maji yale yakimwagika bure, hakuna mtungi uliokingwa, hakuna mtu kwenye foleni.

“Kufuli iko wapi?” aliuliza.

“Kufuli ya nini?”

“Ya maji.”

“Hayajawahi kufungwa, Mama Christine. Tangu kabla ya babu wa babu yangu.”

Zilpah alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia habari ya kuzaliwa mtoto.

Nyumba ya Anselm ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya kanisa. Ilikuwa ya miti myeusi iliyopishana, na kati ya miti hiyo kuta nyeupe. Ilikuwa imeinama kidogo mbele, kama mtu mzima anayesikiliza. Anselm alifungua mlango akasimama kando, akitabasamu, mkono ukielekeza ndani.

Zilpah alisimama hatua chache kutoka kizingiti. Akangoja. Anselm naye akangoja. Kutoka dirisha la juu ikasikika sauti ya Christine, dhaifu lakini yenye furaha: “Mama! Ingia! Panda juu, ngazi iko kulia!”

Zilpah aliangalia mikono ya mkwewe. Ilikuwa mitupu. Akaangalia pembeni mwa nyumba, labda kuna mnyama amefungwa pale. Palikuwa na baiskeli.

“Nimechoka,” alisema kwa upole. “Nitapumzika mahali pengine kwanza.”

Anselm alielewa neno moja tu, “pengine”, na tabasamu likamwishia usoni kama taa ya koroboi iliyoishiwa mafuta.

Gerda aliishi kwenye mnara wa lango. Zamani paliishi mlinzi aliyepiga pembe akiona moto au maadui. Sasa baraza la mji lilimkodisha Gerda vyumba vile kwa sharti la kuitunza saa kubwa ya mnarani. Alimpa Zilpah chumba cha juu, chenye madirisha pande zote, na ngazi ya mawe ambayo kila kipandio kilikuwa kimelika katikati kama kinu. Zilpah aliinama akakigusa kimoja.

“Nani alichonga hivi?”

“Hakuna aliyechonga. Ni miguu ya watu.”

Zilpah alivua viatu kabla ya kuendelea kupanda.

Kutoka chumba kile aliona mji wote, na dirisha la Christine pia. Jioni hiyo Gerda alikwenda kumwambia Christine wapi pa kuangalia, na muda si muda pazia likafunguliwa. Christine alionekana amejishikiza kwenye fremu ya dirisha, na mikononi mwake furushi jeupe. Kutoka mbali hivyo uso wa mtoto ulikuwa kama punje ya hindi. Zilpah aliinua mikono yote miwili akaishikilia hewani mpaka pazia likafungwa.

Simu ikalia hapo hapo.

“Mama, unanifanyia nini?” Christine alikuwa analia. “Nimeshonwa tumbo, siwezi kushuka hizi ngazi. Nilimwambia Anselm wewe ni mama wa kisasa. Sasa anauliza kama unamchukia.”

“Simchukii. Ni kijana mzuri.”

“Basi ingia! Hapa ni Ujerumani, nani atakuona?”

“Mimi nitajiona.”

“Basi nimtume Anselm akuletee mtoto huko nje, umwone.”

“Thubutu!” Zilpah alisimama. “Mtoto wa kitovu kibichi atolewe kwenye upepo? Wewe umezaliwa wapi?”

“Mama, ni hicho kitu cha mnyama, si ndiyo?”

Kulijibu swali hilo kungekuwa ni kuomba.

“Mimi siwezi kumwambia,” Christine alisema. “Ataona kama tunamdai tena baada ya mahari. Naona haya.” Akakata simu.

Siku zilizofuata Zilpah alikaa dirishani kama yule mlinzi wa zamani. Hakutembezwa msituni wala ngomeni, ingawa Gerda alimsihi. Hakutaka dirisha la Christine limpotee machoni. Lakini hata kutoka pale pale alipokaa, mji ulimjia. Kengele zilipolia asubuhi, sakafu ya mnara ilitetemeka na kifua chake kikatetemeka nayo. Yeye aliyelelewa katika ibada ya kukaa kimya alihisi kwamba kengele zile zilikuwa zikiusukuma ukimya mbele yake, mpaka nje ya kuta, mpaka msituni. Aliona ukungu ukipanda kutoka mtoni na kuyaficha mapaa, kisha kuyaachia moja moja. Aliona korongo wametua juu ya bomba la moshi na hakuna mtoto aliyewarushia jiwe. Bikizee mmoja kila siku alikuwa akifuta kwa kitambaa maandishi yaliyochongwa juu ya mlango wake, tarakimu za mwaka ambao Kabras haikuwa na barabara, wala kiwanda, wala muwa mmoja.

Kilichomshangaza kuliko yote kilikuwa kazi ya mkwewe. Ng'ambo ya kichochoro, Anselm alikuwa amebomoa sehemu ya ukuta wa nyumba ya jirani, na kilichoonekana ndani yake kilimfanya Zilpah amwite Gerda kwa sauti.

“Mama Gerda! Njoo! Hizo si fito?”

“Ndiyo, fito.”

“Na hiyo si matope na nyasi?”

“Udongo na majani makavu. Nyumba zote hizi ni hivyo.”

“Kwa hiyo hizi ni nyumba za matope!” Zilpah alishika kichwa. “Mnasema ina miaka mingapi?”

“Hiyo? Karibu mia tano.”

Zilpah alikaa kitako. Nyumba ya namna hiyo ndimo alimozaliwa. Walipopata pesa za miwa waliibomoa mbio mbio kwa aibu, wakajenga ya matofali, na mabaki yake yakamwagwa shambani. Hapa watu walikuwa wameikandika ile ile, kizazi baada ya kizazi, mpaka wageni wakawa wanasafiri kuja kuipiga picha. Alimtazama Anselm akichota udongo kwa kiganja na kuubandika. Aliubonyeza kwa kitako cha kiganja, sawa kabisa na mama yake Zilpah alivyofanya.

“Anajua,” alisema polepole. Kisha akacheka. “Lakini aongeze maji kidogo. Mwambie. Hapana, usimwambie.”

Gerda alivuta kiti akakaa karibu naye.

“Mama Christine, mimi si mtoto. Kijana wangu halali vizuri. Mke wake analia. Wewe unakaa hapa unamtazama kwa mapenzi, lakini akija mlangoni unajificha nyuma ya kabati. Kuna jambo. Niambie.”

“Siwezi.”

“Huwezi au hutaki?”

“Kinywa changu hakiruhusiwi.”

Gerda alifikiri. Bukoba ilikuwa imemfundisha kutosukuma. “Haya. Kwenu, jambo ambalo kinywa chako hakiruhusiwi kulisema, nani hulisema?”

“Shangazi ya binti.”

“Na upande wa kijana, nani husikiliza?”

“Shangazi ya kijana.”

“Mimi ndiye shangazi ya kijana!” Gerda alipiga goti lake. “Wa Christine yuko wapi?”

“Mildred? Yuko Malava, anapalilia mahindi.”

“Ana simu?”

Zilpah akatoa simu yake mfukoni, akatafuta namba, akaiweka mezani mbele ya Gerda. Akainuka akaenda dirisha la mbali kabisa na kuwapa mgongo. Kama masikio yake yangesikia, hilo lilikuwa shauri la masikio.

Mildred alipokea akiwa shambani, jembe begani, mtandao ukikatika kila upepo ulipovuma.

“Haloo! Nani huyo? Zilpah amekufa?”

“Hajafa. Mimi ni Gerda, shangazi wa Anselm, wa Morlenau. Nakupigia shangazi kwa shangazi.”

“Shangazi kwa shangazi!” Mildred aliangua kicheko. “Mzungu anajua kuongea! Mumekawia aje? Huyo mama analala wapi?”

“Kwangu, mnarani.”

“Asante Mungu. Cornelius alikuwa anasema aingie tu kwa mkwe, ati huko hakuna mtu anamjua. Nikamwambia wewe nyamaza, hayo si mambo ya wanaume. Sasa sikiliza, shangazi. Mama mkwe haingiangi kwa nyumba hivi hivi. Lazima afunguliwe mlango. Kijana atafute kondoo jike, mzima, asiye na kovu. Amlete kwa mkono wake. Asitume mtu, asitume pesa. Amkabidhi pale kwa mlango, aangalie chini. Hiyo tu.”

“Hiyo tu?”

“Hiyo tu! Si vita. Kwani huko hamna kondoo?”

Gerda alitazama dirishani, kwenye mteremko wa ngome. “Tunao wengi kuliko watu.”

“Basi mnalilia nini? Na uniambie, hao kondoo wenu wana mkia wa mafuta?”

“Hawana.”

“Maskini. Lakini watafaa.”

Zilpah alibaki amegeuka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. Gerda alipokuwa akivaa koti, alimsikia akisema kwa dirisha: “Ruhusa ya baraza je? Si mtatakiwa kuomba?”

“Katika mji huu, kubadilisha rangi ya dirisha naomba ruhusa kwa baraza na ninangoja mwaka mzima. Kuhusu kondoo, nitawauliza baadaye.”

“Kumbe nanyi mna wazee,” Zilpah alisema.

Ijumaa mchana Anselm aliingia kwa lango la mji na kondoo. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mchungaji wa ngomeni, akachagua mwenyewe, akamwogesha mtoni mpaka manyoya yakang'aa. Alivaa shati jeupe la harusi yake. Zilpah, ambaye Gerda alikuwa amemshusha na kumsimamisha mbele ya nyumba, alisikia kwato kwenye mawe kabla hajaona kitu.

Habari zilikuwa zimetembea. Madirisha yalifunguliwa juu kote. Mwoka mikate alitoka na unga mikononi. Yule bikizee wa kufuta maandishi alikuwa amebebewa kiti. Hakuna aliyecheka. Walisimama kando ya kichochoro kama watu wanaosimama msafara wa kanisa ukipita, na wanaume wawili wazee walivua kofia. Zilpah, akiwa ameinamisha kichwa, aliziona kofia zile zikishuka. Kwao, vijana wa mjini wangekuwa wamekwisha kupiga picha na kucheka. Hawa watu, waliomwona kwa mara ya kwanza, walijua namna ya kusimama mbele ya kitu kilichotoka mbali.

Kondoo alisimama kula maua kwenye chungu cha jirani. Anselm alimvuta, akamsukuma, akamnong'oneza kwa Kijerumani. Alipofika mbele ya mlango aliinamisha kichwa chini kabisa.

“Mama,” alisema, kwa Kiswahili alichokuwa amekariri usiku kucha, “nakufungulia mlango.”

Aliweka kamba chini. Zilpah aliiokota. Kamba ilikuwa bado na joto la mkono wa kijana.

“Mulembe, mwanangu,” alisema, akizungumza na kondoo, kwa kuwa ndivyo ilivyofaa. “Umefungua. Nimeona.”

Akampa Gerda kamba, akainua sketi kidogo, akavuka kizingiti.

Ngazi ilikuwa nyembamba, ya mbao, nayo imelika katikati. Aliipanda akigusa ukuta, akijua sasa kilicho ndani yake. Chumbani Christine alikuwa ameketi kitandani, amefunika uso kwa mikono. Zilpah alimshika kichwa, akakiegemeza tumboni mwake, wakakaa hivyo. Kisha akanawa mikono hadi viwikoni, na ndipo alipomwinua mtoto.

Alikuwa mzito kuliko Zilpah alivyofikiri. Alifumbua jicho moja, akamkagua bibi yake, akalifumba tena.

“Huko nyumbani wanafanya nini sasa?” Christine aliuliza.

“Wanapalilia. Shangazi yako alipokea simu akiwa na jembe.”

“Basi ni Naliaka.”

“Ni Naliaka,” Zilpah alisema. Watoto wa kike wanaozaliwa wakati wa palizi huitwa hivyo, na mtoto huyu, aliyezaliwa mahali ambapo hakuna aliyepalilia hindi hata moja, alilipokea jina kwa kupiga chafya.

Simu ya Cornelius ilifika baadaye kidogo. Alikuwa na swali moja.

“Huyo kondoo atafikaje Malava?”

“Hatafika. Anabaki na wenzake ngomeni.”

“Kwa hiyo una mifugo Ulaya.”

“Ninayo.”

“Mungu wangu,” Cornelius alisema, na kwa sauti yake ilisikika kwamba alikuwa ameshaanza kutoka nje kwenda kuwaambia watu.

Jioni ilipoingia Zilpah alirudi mnarani kulala, kama inavyotakiwa. Kesho yake asubuhi, Jumamosi, alishuka kabla kengele hazijalia, akapita kando ya chemchemi akanawa uso kwa maji yake, akaenda hadi nyumba ya mkwewe. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na Anselm alikuwa amejiondoa mapema ili asimzuie njia. Zilpah aliingia bila kubisha, akachemsha maji, akayapoza, akayapima joto kwa kiwiko, akamwogesha Naliaka karibu na dirisha lililofunguka kuelekea msituni. Kisha akamkausha, akampaka mafuta, akamlaza kifuani pa mama yake, akakunja mikono ya nguo na kuanza kusugua sufuria za juzi.